Vyakula vya mitaani vya Vietnam vinavyowatisha wageni: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Wanaouliza maswali haya kwa kawaida wameshakata tiketi ya Hanoi au Saigon, na simu zao zimejaa video za wageni wakikunja uso mbele ya yai la bata. Majibu mengine ni marefu kwa sababu jambo lenyewe lina mengi. Mengine yanaisha kwa mstari mmoja.

Ni vyakula gani hasa vinavyowashinda wageni?

Orodha karibu haibadiliki. Kwanza ni yai la bata lenye kifaranga ndani, ambalo kaskazini huitwa trứng vịt lộn na kusini hột vịt lộn. Kisha mắm tôm, rojo la zambarau la uduvi uliochachushwa, ambalo harufu yake hukupokea kabla hujaliona. Wapo konokono wa kila umbo, damu iliyogandishwa ikielea kwenye supu, matumbo ya nguruwe, miguu ya kuku, vyura, pupa wa nondo wa hariri, panzi, na kwa aliyefika mbali zaidi, funza wa mnazi.

Kwa wenyeji, karibu vyote hivi ni chakula cha kawaida. Mama anayekula yai lile saa moja asubuhi kabla ya kufungua duka hashindani na mtu. Ukikaa mezani kana kwamba uko kwenye mtihani wa ushujaa, utameza bila kuonja, na ladha ndiyo iliyokutoa kwenu.

Nikila hivi nitaugua?

Hapa ndipo wengi hupiga hesabu vibaya. Kinyaa chako hakijui lolote kuhusu vijidudu. Yai la bata limechemshwa ndani ya gamba lake na linatolewa sufuriani likiwa la moto, kwa hiyo ni katika vitu salama kabisa utakavyokula barabarani. Konokono waliotoka kwenye mvuke wa mchaichai sasa hivi, vivyo hivyo. Sasa tazama bánh mì, mkate ule mzuri ambao hakuna mgeni anayeuogopa: una pate ya maini, una mayonezi ambayo mara nyingi hutengenezwa kwa kiini kibichi cha yai, una nyama baridi na kachumbari, na vyote hivyo huenda vimekaa ndani ya kabati la kioo tangu alfajiri kwenye joto la nyuzi 35. Mwaka 2024, katika mkoa wa Đồng Nai, mikate ya duka moja iliwafikisha hospitali watu zaidi ya 500.

Sisemi usile bánh mì. Mimi naila karibu kila ninapoiona. Nasema macho yako yaulize maswali mengine. Je, chakula kinapikwa mbele yako au kinapashwa moto tu? Wateja ni wengi, na ni wenyeji? Muuzaji ana chakula kimoja au viwili tu anavyovijua, au ana menyu ya kurasa sita zenye picha? Mama anayeuza supu ya aina moja mahali pamoja, akaanza saa kumi na mbili asubuhi na kumaliza sufuria kabla ya saa nne, hana masalio ya jana ya kukuuzia. Hiyo ndiyo hati yake ya afya.

Cha kuangalia zaidi ni majani mabichi. Karibu kila mlo huja na sahani ya majani, na hayo hayakupita kwenye moto. Siku mbili tatu za mwanzo yatumbukize kwenye supu inayochemka, mwenyeji atadhani ni mtindo wako tu.

Kuna kitu ambacho nisile kabisa?

Kipo, na orodha ni fupi.

Tiết canh ni damu mbichi ya bata, nguruwe au mbuzi, iliyogandishwa juu ya nyama iliyokatwakatwa na kunyunyiziwa karanga na majani. Inapendwa sana vijijini, hasa kwenye sherehe. Ile ya nguruwe inaweza kubeba bakteria aitwaye Streptococcus suis, anayeleta homa ya uti wa mgongo, na kati ya wanaopona wapo wanaobaki viziwi. Madaktari wa Vietnam wenyewe wanaonya juu yake kila mwaka. Kataa kwa tabasamu hata kama mwenyeji wako amekukaribisha kwa heshima zote.

Gỏi cá, yaani samaki mbichi, ni ya kuepuka pale ambapo samaki ni wa maji baridi. Katika mikoa ya delta ya kaskazini samaki hao hubeba minyoo bapa wanaojenga makazi kwenye ini. Ndimu na pilipili haviwaui.

Konokono wasioiva vizuri ni wa kuacha pia, kwani kuna mnyoo anayepanda hadi kwenye ubongo. Wakiiva sawasawa hakuna neno.

Na wanyamapori. Hili nimelieleza mbele kidogo, kwenye swali la nyoka.

Trứng vịt lộn huliwaje? Na lina ladha gani?

Yai la bata lililorutubishwa huatamiwa kwa wiki mbili na nusu hadi tatu hivi, kisha huchemshwa. Wavietnamu huliacha kwa muda mrefu kuliko Wafilipino wanavyofanya na balut yao, kwa hiyo ndani kifaranga ameshapata umbo: utaona kichwa, na pengine dalili za manyoya. Bora ulijue hilo sasa kuliko kulijua ukiwa na kijiko mkononi.

Kusini hukuletea yai limesimama kwenye kikombe kidogo, upande mpana juu. Unaligonga kwa kijiko, unatoa kipande cha gamba, unatoboa ngozi nyembamba, kisha unakunywa supu iliyomo kwanza. Usiimwage. Hiyo supu ndiyo sehemu tamu kuliko zote, ni kama mchuzi wa kuku uliopikwa kwa saa nyingi. Baada ya hapo unanyunyiza chumvi iliyochanganywa na pilipili manga na ndimu, unaongeza jani la rau răm, na unachota. Kaskazini muuzaji mara nyingi hukumenyea mayai ndani ya bakuli, akamwagia tangawizi iliyokatwa kama njiti za kiberiti na majani juu, nawe utazame tu kazi yake.

Rau răm si pambo. Ukali wake hukata mafuta ya kiini, na wenyeji wanaamini kuwa majani hayo na tangawizi hupasha mwili joto, kwa kuwa bata kwao ni nyama "baridi". Kiini ni kizito, kitamu, chenye mishipa midogo. Kifaranga ni laini, ladha yake ni ya nyama ya bata. Sehemu nyeupe iliyo chini ni ngumu kama mpira, na wenyeji wengi huiacha, kwa hiyo nawe iache bila kujilaumu.

Kama bado moyo haujatulia, anza na cút lộn, mayai ya kware ya namna hiyohiyo. Ni madogo, kila moja ni tonge moja, na huwezi kuchunguza kilichomo hata ukitaka. Yakikaangwa na ukwaju na karanga, yaani cút lộn xào me, hata mtoto anayechagua chakula huomba tena.

Kuna imani pia. Aliyeandamwa na mikosi hula mayai haya ili bahati igeuke, na ale kwa idadi isiyogawanyika kwa mbili: moja, matatu, matano. Ukiona muuzaji anakuuliza kama unataka mawili au matatu na anacheka, ndiyo sababu.

Mắm tôm inanuka namna ile. Kwa nini watu wanaipenda?

Uduvi na chumvi, vikaachwa vichachuke kwa miezi, hutoa kitu chenye harufu ya kukimbiza wageni na ladha ya kuwarudisha. Tatizo la wengi ni kwamba huichovya ikiwa haijaandaliwa. Bakuli likifika mezani kuna kazi ya kufanya: kamua ndimu au kile kidimu kidogo kiitwacho quất, tia sukari kidogo na pilipili mbichi, kisha pigapiga kwa vijiti hadi litoe povu jeupe. Migahawa mingi humwagia na mafuta ya moto. Harufu hushuka, rangi hupauka, na hapo ndipo uchovye.

Mlo wa kuijulia ni bún đậu mắm tôm wa Hanoi: tambi za mchele zilizoshindiliwa na kukatwa vipande, tofu iliyotoka kwenye mafuta sasa hivi, matango, majani ya kinh giới na tía tô, na kwa wanaokula nguruwe, nyama ya mguu iliyochemshwa. Tofu ya moto ikiwa bado inapiga kelele, ikachovywa kwenye lile povu, ni moja ya vitu bora vya Hanoi yote. Naweka hilo hapa bila kujitetea.

Ukiona huwezi, omba nước mắm. Hakuna atakayekucheka, hata Wavietnamu wapo wasiokula mắm tôm. Nước mắm hutokana na dagaa na chumvi vilivyolala kwenye mapipa makubwa ya mbao, kwa kawaida karibu mwaka mzima. Ile ya kisiwa cha Phú Quốc ndiyo yenye sifa, na Umoja wa Ulaya ulilitambua jina lake rasmi mwaka 2012.

Konokono: niende wapi, niagize nini?

Saigon. Huko kula konokono ni namna ya kutoka jioni, kama wengine wanavyotoka kwenda kwenye nyama choma. Watu wanakaa kwenye vigoda vya plastiki ambavyo magoti yako yatafika kifuani, bia iko chini ya meza, makombe yanatupwa kwenye ndoo au hata sakafuni, na kelele ni za kutosha. Mtaa wa Vĩnh Khánh ndio maarufu. Eneo hilo lilikuwa Wilaya ya 4, na ingawa wilaya zilifutwa Julai 2025, dereva wa pikipiki bado atakuelewa ukisema Quận 4.

Unaagiza kwa hatua mbili: kwanza aina ya konokono, halafu mapishi. Huhitaji menyu, kwa kuwa bakuli ziko mbele na kidole kinatosha. Mapishi ya kukariri ni haya: hấp ni kwa mvuke, nướng mỡ hành ni kuchoma na kumwagia mafuta ya majani ya kitunguu, xào me ni kwa ukwaju, xào dừa ni kwa tui la nazi.

Mtu wa pwani aanze na ốc len xào dừa. Ni konokono wembamba wa mikokoni, ncha imekatwa, wamepikwa kwenye tui zito lenye mchaichai. Hawachokolewi, wananyonywa. Unaweka mdomo kwenye upande mpana na kuvuta kwa nguvu, na sauti itakayotoka haina adabu popote duniani isipokuwa hapo. Asiyefanikiwa avute kwanza upande wa ncha kidogo, kisha arudi. Ukimaliza, chovya mkate kwenye lile tui lililobaki.

Ốc hương ni ghali zaidi, nyama yake ni tamu na haina matope. Kwa hao na kwa kaa, bei huwa ya siku hiyo na hupimwa kwa kilo, basi uliza kabla hawajaingia jikoni.

Hanoi nako kuna konokono, lakini ni wa mabwawani, wanaochemshwa na mchaichai na majani ya ndimu na kuchovywa kwenye nước mắm yenye tangawizi. Hao huchokolewa kwa kipini. Huliwa zaidi baridi ikianza, na kuna supu yake, bún ốc, yenye uchachu wa machicha ya pombe ya mchele. Asubuhi yenye manyunyu hakuna kinachoishinda.

Wadudu je?

Kwa msomaji wa Bukoba au Kampala aliyekua akila senene, swali hili halina uzito. Panzi wa Vietnam, châu chấu, hukaangwa hadi wakauke na kuchanganywa na majani ya ndimu yaliyokatwa nyembamba. Ni kitafunwa cha bia, basi. Pupa wa hariri, nhộng, ni laini zaidi ndani, ladha yake inakaribia mahindi na karanga, na huuzwa sokoni kwa kilo kwa ajili ya mboga ya nyumbani.

Funza wa mnazi, đuông dừa, ni habari nyingine. Wanapatikana kwenye delta ya Mekong, hasa Bến Tre kwenye minazi mingi, na mtindo unaopigwa picha ni kumweka hai kwenye bakuli la nước mắm yenye pilipili na kumla akijinyonganyonga. Wakongo wanawajua ndugu zake wa michikichi na wanawapika, na mimi niko upande wa Wakongo: aliyechomwa ni mtamu zaidi na huna haja ya kupigana naye. Funza hawa huua minazi, kwa hiyo mamlaka za huko hukataza kuwafuga, na usishangae ukiambiwa hawapo.

Anayenivutia mimi kuliko wote ni rươi. Ni mnyoo wa matope ya mito inayokutana na bahari, upande wa Hải Phòng na Hải Dương, anayepanda juu kwa wingi siku chache tu za mwaka. Wenyeji wana msemo wa kukumbuka tarehe: "tháng chín đôi mươi, tháng mười mồng năm", yaani ishirini mwezi wa tisa na tano mwezi wa kumi, kwa kalenda ya mwezi. Hanoi humchanganya na mayai, nyama ya kusaga, bizari jani na maganda ya chenza yaliyokatwakatwa, wakakaanga vibapa viitwavyo chả rươi. Ukila bila kuambiwa utadhani ni kimanda cha samaki. Fika Oktoba au Novemba, na usipikiwe bila maganda ya chenza.

Ile damu kwenye supu ni sawa na tiết canh?

Hapana. Huyết katika bún bò Huế, supu ya tambi na nyama ya ng'ombe ya mji wa Huế, au vipande vya kahawia kwenye uji wa matumbo uitwao cháo lòng, ni damu iliyopikwa ikaganda. Inakatika kwa kijiko na haina ladha kubwa. Aliyezoea mutura ya Nairobi hatashtuka, wala miguu ya kuku iliyochomwa haitamshtua mtu wa Dar es Salaam, maana hiyo ameiona kwenye karai tangu utotoni. Kama damu huitaki, sema "không huyết" kusini, "không tiết" kaskazini.

Je, ninaweza kulishwa mbwa bila kujua?

Hofu hii ni kubwa kuliko jambo lenyewe. Nyama ya mbwa ni ghali, ina maduka yake na wateja wake, na hakuna mfanyabiashara mwenye akili atakayeificha kwenye supu ya bei ya chini. Jina lake kwenye ubao ni thịt chó au thịt cầy. Paka ameandikwa thịt mèo au tiểu hổ. Ukiyajua maneno hayo manne umemaliza.

Wavietnamu wenyewe hawakubaliani kuhusu jambo hili, na vijana wengi wa mijini hawagusi nyama hiyo. Mwaka 2018 serikali ya jiji la Hanoi iliwaomba wakazi waache, na mwaka 2021 Hội An ilitia saini makubaliano ya kuiondoa biashara hiyo mjini.

Na nyoka? Moyo wa swila unaodunda?

Hilo sasa ni onyesho la watalii, na unalipa kama unavyolipia tiketi ya onyesho. Kijiji cha Lệ Mật karibu na katikati ya Hanoi kina historia ndefu ya nyoka, na nyama yake ikipikwa vizuri inaliwa. Lakini baadhi ya aina, swila mkuu wa Asia akiwemo, zinalindwa na sheria, na mgeni mezani hana njia ya kujua yupi ametoka shambani na yupi ametoka msituni. Chupa za pombe zenye nyoka au nge ndani ni matatizo matupu: forodha zinaweza kuzikamata, na pombe ya kienyeji isiyo na chapa ina hatari ya methanoli. Kakakuona, nungunungu wa porini, popo, vyote viache vilivyo.

Mimi ni Mwislamu. Nitakula nini?

Utakula, ila si kila mahali na si bila kuuliza. Nguruwe yumo kuliko unavyodhani: kwenye supu inayoonekana ya kaa, kwenye mafuta yaliyokaangia, kwenye unyunyizo mdogo juu ya wali. Kusini nguruwe ni heo, kaskazini ni lợn. Sentensi ya kuhifadhi ni "Tôi không ăn thịt heo", lakini muuzaji aliyeisikia anaweza kuondoa vipande vya nyama na kukuachia supu ya mifupa ileile. Kwa hiyo kwa vibanda vya kawaida, njia ya uhakika zaidi ni vyakula vya baharini vilivyochemshwa au kuchomwa mbele yako, na vyakula vya chay, yaani visivyo na nyama.

Saigon kuna msikiti wa mtaa wa Đông Du, uliojengwa mwaka 1935 na Waislamu kutoka India, na jirani yake utapata chakula halali. Karibu na soko la Bến Thành, mtaa wa Nguyễn An Ninh umejaa migahawa ya Kimalesia. Hanoi ina msikiti mmoja tu, Al-Noor, mtaa wa Hàng Lược.

Lakini kama unataka chakula cha mitaani cha Vietnam, kilichopikwa na Waislamu wa Vietnam, safiri hadi An Giang, upande wa Châu Đốc, kwenye vijiji vya Wacham kando ya mto. Hapo kuna tung lò mò, soseji ya ng'ombe yenye uchachu wa wali uliochachushwa, inayoning'inizwa juani na kuchomwa kwenye makaa. Ina ukakasi, ina mafuta, ina moshi. Wageni wengi wanaokwenda kupiga picha za mto wanapita bila kuijua.

Kuhusu yai la bata lenye kifaranga, wapo wanazuoni wanaolihesabu kuwa mzoga kwa sababu kifaranga hakikuchinjwa. Muulize sheikh wako kabla ya kupanda ndege, si ukiwa kwenye kigoda.

Sili nyama kabisa.

Tafuta neno "chay". Tarehe mosi na tarehe kumi na tano za mwezi mwandamo, Wabudha wengi hawali nyama, na vibanda vya chay huongezeka mitaani.

Nitaagizaje bila kujua Kivietinamu?

Kwanza mwite muuzaji kama unavyomwita wa kwenu, kwa undugu. Mwanamke anayekuzidi umri kidogo ni "chị ơi", mwenye umri wa mama yako ni "cô ơi", mwanamume wa rika la kaka ni "anh ơi", mdogo wako ni "em ơi". Mzungumzaji wa Kiswahili haoni ugumu hapo, wakati wageni wengine hukaa kimya wakipunga mkono. Kisha onyesha sufuria, onyesha vidole idadi, kaa.

Bei mara nyingi imeandikwa. Bakuli la phở, supu ya tambi za mchele, mtaani ni kati ya dong 40,000 na 70,000, yai la bata ni elfu kumi na kitu, na dola moja ni takriban dong 26,000. Chunga noti: ya 20,000 na ya 500,000 zote ni za buluu, na usiku chini ya taa ya njano zinafanana vya kutosha kukutia hasara. Zitenganishe mfukoni. Kitambaa chenye unyevu kilichofungwa plastiki, na karanga zilizowekwa mezani bila kuombwa, vinalipiwa ukivifungua. Ni elfu mbili au tano tu, si wizi.

Kama wewe ni Mwafrika utatazamwa, hasa nje ya miji mikubwa, na huenda ukaombwa picha. Mara nyingi ni udadisi. Ukiwa umeshika konokono mkononi, udadisi huo hugeuka haraka kuwa mafunzo: meza ya jirani itakuonyesha namna ya kunyonya.

Barafu ni salama?

Ile ya mviringo yenye tundu katikati hutoka kiwandani. Ile iliyopondwa kutoka kwenye pande kubwa, iache.

Nikishindwa kumaliza, nimewatukana?

Kibandani, hapana. Umelipa, ondoka. Nyumbani kwa mtu ni tofauti: atakuwekea kipande kizuri kwenye bakuli lako kwa vijiti vyake, na kukiacha kinakodoa macho ni kumvunja moyo. Kula polepole, kwa kuwa bakuli tupu hujazwa. Na usisimamishe vijiti wima kwenye wali, vinafanana na udi unaochomwa kwa ajili ya marehemu.

Nina mzio wa karanga, au wa kamba.

Basi jihadhari kweli. Karanga hunyunyizwa juu ya nusu ya vyakula, na uduvi umo kwenye mchuzi bila kuonekana. Andika mzio wako kwa Kivietinamu kwenye karatasi, umwonyeshe mpishi mwenyewe badala ya anayepeleka sahani, na beba dawa yako kila uendako.

Tumbo likiharibika nifanye nini?

Maji na chumvi zake. Maduka ya dawa yameandikwa "nhà thuốc", yapo kila mtaa, na unga wa kuongeza maji mwilini huko huitwa Oresol. Uchanganye kwa kipimo kilichoandikwa kwenye pakiti. Uji mweupe, cháo trắng, unauzwa kwa ajili ya siku kama hiyo. Homa kali, damu kwenye choo, kichwa kinachouma pamoja na shingo kukakamaa: nenda hospitali siku hiyohiyo na useme ulichokula, hata kama unaona aibu kukitaja.

Nianze na nini?

Nisingeanza na yai. Siku ya kwanza kula bún chả, nyama ya nguruwe iliyochomwa kwenye makaa, ile ambayo Obama aliila Hanoi mwaka 2016 na Anthony Bourdain, mpishi na mtangazaji wa Marekani, kwenye meza ambayo sasa imefunikwa kioo. Asiyekula nguruwe ale phở ya ng'ombe, baada ya kuuliza supu imechemshwa na mifupa gani. Ukishazoea kigoda, vijiti na majani, ingia kwa miguu ya kuku, halafu bún bò Huế na damu yake, halafu konokono. Mayai ya kware yafuate, na ya bata yaje jioni ambayo una njaa ya kweli. Mắm tôm iweke mwisho, mchana, ukiwa na wenzako wote wanaila, maana harufu hukaa kwenye nguo.

Doriani inahesabiwa?

Inahesabiwa, tunda hilo la harufu kali huitwa sầu riêng, na hoteli nyingi zina alama ya kuikataza mlangoni, kwa hiyo ile barabarani hadi iishe. Wazanzibari hawajawahi kuniuliza swali hili.